Habari Tano na Tangazo Moja

Mwalimu wetu wa darasa la tano alipenda habari kuliko chai. Asubuhi, kabla hajaweka chaki mezani, alikuwa anauliza: "Haya, dunia imeamkaje?" Na ole wake mtoto atakayejibu "salama" akanyamaza. Yeye alitaka tumwambie pamba imelimwa wapi, mgeni gani ameshuka Dar es Salaam, wapiganaji wa ukombozi kule kusini wamevuka mto gani. Alikuwa kijana, ametoka chuoni juzijuzi, na aliamini kabisa kwamba mtoto wa kijijini kwetu Mazingara akijua habari za dunia hakuna mtu atakayemdanganya tena. Sikumcheka wakati ule na simcheki sasa. Alikuwa mwalimu mzuri, na mimi nilimpenda mno, na hapo ndipo lilipo tatizo lenyewe.

Basi kazi yetu ya nyumbani haikuwa hesabu wala imla. Ilikuwa habari. Kila siku unakwenda penye redio, unasikiliza taarifa ya saa kumi jioni, unaandika habari tano kwa mpangilio wake, na kesho yake paredini mmoja wenu anaitwa mbele azisome shule nzima isikie. Kijijini kwetu redio nyingi zilikuwa mapambo, betri hakuna. Iliyokuwa inasema ilikuwa ya balozi wetu wa nyumba kumi, redio ya mbao, na betri zake zikichoka mkewe alizianika juani ukutani pamoja na mihogo. Tulikaa uani kwake, madaftari magotini, tukisubiri ngoma ilie na mtangazaji aanze.

Mwalimu alikuwa na sheria moja ambayo tuliikariri mpaka ikatuchosha. "Habari zikiisha, funga daftari. Kinachofuata ni matangazo. Matangazo si habari. Habari ni ya taifa zima, tangazo ni la mtu na ndugu zake." Kwa hiyo wenzangu, taarifa ikiisha tu, walikurupuka kwenda kucheza rede. Mimi nilibaki. Nilibaki kwa ajili ya mama.

Mama yangu alikuwa Mshambaa wa Vugiri, juu milimani kule Korogwe, akaolewa na baba, Mzigua, akashuka naye kwenye ukavu wetu wa Handeni. Miaka yote tuliishi peke yetu kwenye mashamba yetu, mwendo wa nusu siku kutoka hapo Mazingara. Ndipo ikaja amri ya kuhamia vijijini. Tulihama na kila kitu, baba kabeba mlango wa nyumba kichwani kwa sababu mbao zilikuwa nzuri. Kijiji kipya kilikusanya watu wa vitongoji saba au vinane waliokuwa hawajuani. Hapo mama akawa Mama Fulani, kwa jina la kaka yangu mkubwa, basi. Jina lake la kwao hakuna aliyelijua, wala jina la kule tulikotoka halikumwambia mtu kitu. Na barua, ambazo zamani zilikuwa zinaachwa kwenye duka moja la barabarani, zikawa hazifiki tena, maana hata hilo duka lilifungwa.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa mgonjwa. Mwezi mmoja na ushee kabla ya haya ninayoyasimulia, mama alipanda Vugiri kumwona, akakuta hawezi kusimama. Alitaka kubaki. Bibi mwenyewe akamfukuza: rudi kwa watoto wako, mimi sijafa bado. Lakini kabla hajaondoka walikumbushana ahadi yao. Mama alikuwa mtoto wa kwanza. Bibi alikuwa akisema tangu zamani, hata mimi niliwahi kumsikia nikiwa nimekaa miguuni pake na yeye ananiosha miguu kwa maji ya moto, maana kule kwao baridi haina adabu: "Huyu mama yako nilimwosha mimi mwenyewe siku aliyozaliwa, sikumpa mkunga. Na mimi ataniosha yeye. Sitaki mikono mingine." Alisema hivyo akicheka, anasugua vidole vyangu kimoja kimoja.

Mama aliporudi alipitia Korogwe mjini akanunua kipande cha sabuni ya kunukia na karafuu maiti kidogo. Sabuni siku zile ilikuwa shida jamani, tulikuwa tunafulia majivu. Sabuni ile ikawekwa chini kabisa ya sanduku, imefungwa kwenye karatasi yake, na hakuna aliyeruhusiwa hata kuinusa. Mimi niliinusa. Ilinukia vizuri mpaka nikapata dhambi.

Mama na mjomba, ndugu yake aliyebaki Vugiri na bibi, walikubaliana hivi: ikitokea lolote, mjomba atashuka Korogwe apeleke tangazo redioni kwa simu ya posta. Barua haifiki, lakini redio inafika. Na mama, ambaye jioni zote yuko kwenye shamba la kijiji mpaka kengele ya kutoka, aliniita akanisimamisha mbele yake.

"Si unakwenda kusikiliza habari za mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Zikiisha, usiondoke. Kaa mpaka matangazo ya vifo yaishe yote. Na usikie vizuri, mwanangu: hawatanitaja kwa jina la hapa. Watanitaja hivi." Akalitamka jina lake la usichana na jina la baba yake, akanitamkisha mara tatu. "Na watasema tuko kule tulikokuwa. Mazingara nimemtajia mjomba wako, jina halimkai kichwani. Kwa hiyo hapa hakuna mtu atakayejua ni mimi. Ni wewe tu."

Ni wewe tu. Nilijisikia mkubwa kweli.

Nikakaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wenzangu wanakwenda kucheza, mimi nabaki na msichana mmoja mkubwa aliyekuwa akilelewa na mke wa balozi. Naye alikuwa wa darasa letu, ingawa alikuwa na umri wa darasa la saba. Wazazi wake walikuwa wakata mkonge kwenye shamba moja la Korogwe, watu waliokuja kutoka mbali, mama akafa, akaletwa kwa shangazi. Kuandika kulimshinda. Mkono wake ulikuwa mzito, mtangazaji yuko habari ya nne, yeye bado anaandika tarehe. Darasani tulimcheka, na mimi nilikuwa mstari wa mbele, sitajipamba hapa. Pale uani alikuwa akimenya mihogo na kusikiliza, na midomo yake ilikuwa inacheza, anamfuatisha mtangazaji. Tulisikia wafiwa wa Lushoto, wa Moshi, wa Tabora. Jina la mama halikuja. Kila jioni mama alirudi na jembe begani akaniuliza, "Wamesema nini?" na mimi nikamjibu, "Hakuna, mama," naye akashusha jembe.

Siku moja, Jumatano, mwalimu akatutangazia kwamba kesho anakuja mkaguzi kutoka wilayani. Shule ilifagiliwa mpaka nyuma ya vyoo. Mwalimu akanichagua mimi nisome habari mbele ya mkaguzi. Akatoa kalamu yake ya wino, ile ya mfukoni mwake mwenyewe, akanipa. "Uandike upya kwa wino. Nisione ulipofuta." Mngeniona nilivyotembea siku hiyo! Kiherehere kilikuwa kimenipanda kichwani, nikawa sisalimii watu.

Saa kumi tukakaa uani. Nikaandika kwa penseli habari zangu tano. Ya kwanza, wakulima wametakiwa kupalilia mapema. Ya pili, meli ya mahindi imeingia bandarini. Ya tatu, ya nne, ya tano. Zote nilizipata. Nikatazama jua. Dukani mafuta ya taa yalikuwa yamekwisha tangu wiki iliyopita, koroboi yetu kavu, na ukurasa ule ulitaka kuandikwa polepole, kwa wino, kukiwa na mwanga. Mtangazaji akasema, sasa ni matangazo ya vifo.

Nikasimama.

Yule msichana mkubwa akainua macho kutoka kwenye mihogo. "Leo hukai?"

"Leo nina kazi," nikamwambia, kana kwamba yeye hana.

Nilijua ninachokifanya, msiniambie nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto mwenye akili. Nilijiambia, siku zote hizi hakuna, kwa nini iwe leo? Nikakimbia nyumbani, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikaandika habari tano kwa wino, herufi zimesimama wima zote. Nilikuwa ninapuliza wino ukauke mama alipoingia.

"Wamesema nini?"

"Hakuna, mama."

"Ulikaa mpaka mwisho?"

"Nilikaa."

"Alhamdulillahi." Akashusha jembe, akaja kuangalia daftari langu. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kisomo cha ngumbaru, anajua a na e na o, na alitafuta herufi zake mle ndani kwa kidole, bila kugusa karatasi asije akaichafua. "Mwandiko mzuri," akasema. "Bibi yako angeona." Usiku huo alilala usingizi mzito, maana nilimsikia akikoroma, na haikuwa kawaida yake tangu arudi Vugiri.

Asubuhi tulikimbia mchakamchaka, tukapanga paredi, mkaguzi akashuka kwenye Landrova na suti yake ya mikono mifupi. Tukamwamkia kwa sauti moja. Nikaitwa. Nikasoma habari zangu tano bila kukwama hata mahali pamoja, nikaiga mpaka ile pumzi anayovuta mtangazaji kati ya habari na habari. Walipiga makofi. Mkaguzi akanipa daftari kubwa jipya na penseli yenye kifutio, na mwalimu wangu alitabasamu nikaona meno yake yote. Nilisimama pale mbele, zawadi mikononi, na nilifurahi. Nataka niliseme hilo, kwamba nilifurahi.

Mkaguzi akasema, "Huyu ni hodari. Na wengine je? Nataka kumsikia yule mrefu kule nyuma."

Yule mrefu alikuwa ni yule msichana wa kwa balozi. Akaja mbele bila daftari. Mwalimu akafumba macho. Mkaguzi akamuuliza daftari lako liko wapi, akasema, "Mimi naweka kichwani, mzee." Wakacheka. Akaanza. Habari ya palizi akaichanganya na ya meli, mahindi yakawa yanapaliliwa bandarini, shule nzima ikavunjika mbavu. Yeye hakusimama. Sauti yake ikabadilika, ikawa nzito na ya taratibu, sauti ya mtangazaji yule wa jioni, na akaendelea na matangazo, maana kwake yeye yote yalikuwa yametoka kwenye redio ileile.

Akataja jina la mjomba wangu. Wa Vugiri, Korogwe. Anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi kilichotokea leo alfajiri. Habari ziwafikie, na hapo akataja jina la mama yangu, lile la usichana, na jina la baba yake, bila kukosea hata kidogo, dada wa marehemu walioko sijui wapi, wajukuu, na jina la mahali petu pa zamani, Handeni. Mazishi yatakuwa kesho alasiri. Dada yake mkubwa anaombwa afike bila kukosa, anasubiriwa.

Watoto walikuwa wanajikunja kwa kicheko. Mkaguzi alivua miwani akafuta macho. Mwalimu wangu, aibu imemshika, akasema, "Rudi mahali pako. Nimesema mara ngapi matangazo si habari?" Naye akarudi nyuma ya mstari, kichwa chini.

Kesho alasiri ya jana ni leo alasiri. Hesabu hiyo niliipiga papo hapo, sikuhitaji penseli. Na basi la Korogwe hupita saa tatu na nusu.

Nilichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Mwalimu, yule ni bibi yangu. Maneno matano. Mwalimu yule ningemwambia, angenishika mkono tukakimbia wote shambani, namjua. Lakini mkaguzi alikuwa amenitazama kwa macho mazuri, na nikisema, wataniuliza: wewe hukusikia? Hukuwepo? Mbona wewe ndiye hodari? Na mama atajua kwamba jana nilimdanganya. Nikalibana daftari jipya kwapani. Tukaingia darasani, mkaguzi akakaa nyuma yetu, tukafanya hesabu za sehemu. Nikajiambia labda kuna mtu mwingine Handeni mwenye jina kama lile. Nikajiambia labda yule bwege kakosea. Nilijua hajakosea, mtu asiyejua kuandika hapotezi jina.

Basi likapiga honi pale njia panda. Likapiga tena. Nilikuwa kwenye swali la sita. Nikaandika jibu, na lilikuwa sahihi, nililiona baadaye limewekwa vema.

Mapumzikoni nilimfuata yule msichana. Alikuwa amekaa peke yake anakula muhogo. "Lile jina ulilolisema," nikamwambia, "ulilisikia vizuri?" Akalirudia neno kwa neno. Kisha akaniangalia. "Unamjua?"

"Simjui," nikasema.

Saa saba tukaruhusiwa. Nyumbani mama alikuwa ametangulia kuja kutuchemshia mboga, anapuliza moto, na alikuwa anaimba chini kwa chini wimbo wao wa Kishambaa wa kutwangia. Akaona daftari jipya. "Ehee! Wamekupa?" Akapangusa mikono kwenye kanga ili alishike.

Hapo ndipo nilipoangua kilio. Alidhani nimechapwa. Nikamwambia bibi amekufa, redio imesema, mazishi leo alasiri. Aliganda na daftari mikononi. Akaanza kuniuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa.

"Limesemwa lini?"

"Jana."

"Jana ulisema hakuna."

"Niliondoka kabla hawajaanza. Yule wa kwa balozi ndiye amesema, asubuhi, paredini."

"Asubuhi." Akatoka uani akatazama jua, akatazama kivuli chake, kilikuwa kifupi miguuni pake. "Na basi?"

"Limepita. Nimelisikia."

"Umelisikia ukiwa wapi?"

"Darasani."

"Ulikuwa umeshajua?"

Nikasema ndiyo. Ningeweza kusema hapana, na sijui kwa nini uongo ulinishinda saa ile, wakati ulikuwa hauna kazi tena.

Nilisubiri anipige. Niliomba anipige, Mungu ananiona. Alikaa chini palepale uani, juani, miguu ameinyoosha, akaweka daftari kando, akasema, "Soma hizo habari zako."

"Mama…"

"Soma. Ulizoandika jana. Nataka kuzisikia."

Nikachukua daftari langu la zamani nikasoma. Wakulima wametakiwa kupalilia mapema. Meli ya mahindi imeingia bandarini. Nilisoma zote tano, na mama alisikiliza kwa makini hasa, kama mtu aliyeitwa mkutanoni. Nilipomaliza akasema, "Na yule msichana, alisemaje?"

Nikalisema tangazo. Lote. Jina la mjomba, alfajiri, habari ziwafikie, na nikalitamka jina la mama yangu usoni pake, mimi ambaye siruhusiwi kumtaja mzazi kwa jina. Anaombwa afike bila kukosa. Anasubiriwa.

"Haya," mama akasema. "Imenifikia."

Ndipo akalia. Alilia kwa Kishambaa, lugha ambayo sisi watoto hatukuwa tunaisikia vizuri, kwa hiyo sijui alimwambia nini mama yake. Baba alikuja mbio kutoka shambani, akatoka mbio tena kutafuta gari, lori, chochote, hakupata. Landrova ya mkaguzi ilikuwa imeshaondoka. Watu wakaja kutoa pole. Yule msichana alikuja na shangazi yake, amejifunga kanga, akamwamkia mama akampa pole vizuri kuliko watu wazima. Kisha akanisogelea. "Kumbe ni mama yako?" akaninong'oneza, wengine wasisikie. "Ningejua jana, ningekimbia kuja kumwambia. Mbona ulisema humjui?"

Tulisafiri Ijumaa, mama na mimi, kwa basi lile la saa tatu na nusu. Mama alisema twende wote, hakusema kwa nini. Sabuni ilikuwa kwenye kikapu. Sijui aliibebea nini na mazishi yameshapita, labda mikono yake ilikuwa imezoea kufikiri kwamba itabebwa. Kutoka Korogwe tulipanda Vugiri kwa miguu, jua likaanza kushuka tukiwa bado njiani, na katika mwendo wote ule aliniambia maneno mawili tu, "Angalia jiwe."

Mjomba alitupokea mlangoni. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Tulikusubiri, dada," akasema. "Nilimtuma kijana kituoni tangu saa sita, abiria wote wameshuka, wewe humo. Tukasema labda lori. Maji ya kumwoshea tuliyachemsha mara tatu, yakapoa. Watu wakaanza kuninung'unikia, maiti haiwekwi hivyo. Ndipo tukawaita majirani wakamwosha." Akampokea kikapu. "Redio haikuwafikia?"

Nilikuwa nimesimama pale pale. Mama akasema, "Betri, ndugu yangu. Betri zilikwisha."

Alinifichia. Mtu niliyemnyima mama yake, akanifichia mbele ya ndugu zake, na hakuwahi kuniambia nimshukuru. Kisha akaomba aonyeshwe walipomwoshea. Palikuwa nyuma ya nyumba, pamezungushiwa migomba, na kishimo kilichopokea maji yale kilikuwa kimefukiwa, udongo bado mbichi. Akapiga magoti akausawazisha kwa viganja, taratibu, akaenda mpaka pembeni, akarudi, akiondoa vijiwe. Nilitaka kumsaidia. Akanisogeza mkono.

Sipendi methali ile ya majuto na mjukuu. Watu wanaisema kwa raha, wakitikisa kichwa. Mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Sijui kama angewahi. Nimeipiga hesabu hiyo maisha yangu yote: basi linafika Korogwe saa saba, kijana anamsubiri, kupanda mlima kwa mtu anayekimbilia mama yake ni saa mbili, labda mbili na nusu. Wakati mwingine anawahi. Wakati mwingine ninampa basi bovu, linaharibika njiani, ili nipate usingizi.

Tulirudi Mazingara Jumapili. Tangu siku ile hakunituma tena redioni kwa shida yake, wala hakuniuliza jioni wamesema nini. Lakini jioni ile tuliyorudi, kabla jua halijazama, nilimkuta uani ameweka karai la maji na ndani yake sare yangu ya shule, imechafuka vumbi la safari, na mkononi alikuwa na kile kipande cha sabuni. Karatasi yake ilikuwa imekunjwa vizuri kando.

"Mama," nikasema, "hiyo si ni ya bibi?"

"Bibi yako ameshaoga," akajibu. "Wewe kesho una shule."

Akaifua mara mbili. Aliifikicha kola, akafikicha makwapa, mapovu meupe yakajaa karai, mapovu ambayo hatukuwa tumeyaona kwa miezi. Akaikung'uta, akaianika, akaingia ndani.

Jumatatu niliivaa. Paredini yule msichana mkubwa alipangwa nyuma yangu, na mwalimu alipokuwa anauliza dunia imeamkaje, yeye alinisogelea kidogo akanusa. "Leo unanukia vizuri," akasema. Mwalimu akaita jina langu niende mbele nikasome habari, nikashindwa kutoka kwenye mstari.